Kiwanda cha nyuzi kilichogeuka soko la sanaa

Katika biashara ya majengo, kiwanda kilichofungwa ni mzigo. Hakiingizi pango, ilhali mlinzi anadai mshahara na paa linavuja. Leipzig, Ujerumani, mzigo huo umegeuzwa mtaji, kwa njia inayomfaa kila mwenye ghala tupu Afrika Mashariki.

Kiwanda cha pamba cha Spinnerei kilianzishwa mwaka 1884 na kikawa miongoni mwa vikubwa kabisa Ulaya. Enzi za ukoloni wa Kijerumani, kampuni hiyo ilikuwa na shamba lake la pamba Saadani, kwenye pwani yetu. Baada ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, biashara yake ya nyuzi ilididimia. Ndipo wachoraji, akiwamo Neo Rauch, walipoingia kufuata nafasi pana, mwanga wa madirisha makubwa na pango nafuu.

Mwaka 2001 wawekezaji binafsi walinunua eneo hilo. Badala ya kukarabati kila jengo kwa mkupuo, walikwenda hatua kwa hatua. Hesabu yake ni nyepesi: ukarabati mdogo huhitaji mkopo mdogo, na mwenye deni dogo anaweza kutoza pango ambalo msanii analimudu. Mwaka 2005 galari zilihamia humo, ikiwamo Eigen+Art inayouza kazi za Rauch. Leo kuna studio zipatazo 100, galari, sinema na duka kubwa la vifaa vya sanaa. Mchoraji ananunua rangi, anachora na kukutana na mnunuzi ndani ya geti moja.

Johannesburg ilishika njia ya haraka. Kampuni ya Propertuity ilifungua Arts on Main mwaka 2009 katika maghala ya zamani, kisha ikanunua majengo mengi jirani na kuuita mtaa huo Maboneng. Ilipofilisika, majengo yake yalipigwa mnada mwaka 2019, na wapangaji wakajikuta mikononi mwa wenye nyumba wapya.

Kwetu mbegu ipo. Nairobi, kituo cha GoDown kilianza mwaka 2003 katika ghala la Eneo la Viwanda. Dar es Salaam, Nafasi Art Space ilianzishwa mwaka 2008, na wasanii wake hufanyia kazi ndani ya makontena huko Mikocheni.

Kinachohitajika sasa ni mikataba mirefu. Msanii ndiye anayeleta wateja na kuupa mtaa jina; jina likishakua, pango hupanda na yeye ndiye wa kwanza kutolewa. Mkataba wa miaka kumi, wenye kiwango cha nyongeza kilichokubaliwa mapema, ungemlinda yeye na kumhakikishia mwenye jengo mapato. Halmashauri zenye maghala yaliyolala zianze: ziyakodishe kwa masharti hayo, na mapato yataonekana vitabuni kabla paa halijaanguka.