MERIKEBU ILIYOZAMISHWA IKAFUFUKA

Nyumba za reli za Muthurwa na Makongeni, Nairobi, zilikaliwa na watumishi wa Reli ya Afrika Mashariki, ambayo tangu 1948 hata 1977 haikuendesha magari ya moshi tu, bali na merikebu za maziwa. Mojawapo ilikuwa Liemba, ya Ziwa Tanganyika.

Merikebu hiyo, yenye urefu wa meta 70 hivi, iliundwa mwaka 1913 huko Papenburg, Ujeremani, ikaitwa Graf von Goetzen. Kwa kuwa hapana njia ya maji ya kufikia ziwa lile, ilifunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha yapatayo 5,000, ikapelekwa Dar es Salaam, kisha Kigoma, ikaunganishwa tena. Iliteremshwa majini mwaka 1915.

Julai 1916 Wajeremani waliamriwa kuizamisha, isije ikatwaliwa na adui. Mafundi walitii, lakini kwanza walizipaka mashine grisi nyingi. Waingereza walipoiopoa mwaka 1924, mashine zilionekana zingali zafaa. Mwaka 1927 ilianza kazi tena kwa jina la Liemba, ikachukua abiria na mizigo miaka mingi.

Waliopaka grisi ile walikuwa wakishindwa vita, wala hawakujua nani angefaidi. Hata hivyo hawakuiharibu kazi ya mikono yao.