Stika ya Ukaguzi na Haisi Kuukuu: Gari Linapokutana na Chumvi ya Delta ya Rufiji

Wilaya ya Kibiti, katika Mkoa wa Pwani, humtaka dereva aendeshe gari lake kwa namna mbili. Kwenye barabara kuu ya lami itokayo Dar es Salaam kwenda Lindi gari huenda kwa kasi. Upande wa mashariki njia za udongo huteremka kuelekea Nyamisati, mahali wanapopandia vyombo abiria wa Mafia, na kuelekea ukingo wa mikoko ya delta ya Rufiji, ambayo imeenea katika takribani hekta 50,000. Haisi moja huweza kupita kote kuwili kwa siku moja: asubuhi imejaa abiria, jioni imebeba matenga ya samaki na kamba waliolazwa katika barafu. Kwenye kioo chake cha mbele imebandikwa stika ya ukaguzi. Je, stika ile inathibitisha nini hasa?

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inakataza gari bovu kutumika barabarani, na askari wa usalama barabarani wanayo mamlaka ya kulikagua. Wazo lenyewe la kupima magari kwa vipindi limekwisha kuzoeleka katika nchi nyingi. Uingereza ilianza mwaka 1960 kwa magari yaliyotimiza umri wa miaka 10, yakipimwa breki, taa na usukani tu. Kufika mwaka 1967 umri huo ulikuwa umeshushwa hadi miaka mitatu. Huko Japani, zinakotoka haisi zetu nyingi, gari dogo la mizigo hupimwa baada ya miaka miwili ya kwanza, kisha kila mwaka. Kwa hiyo haisi kuukuu tunayoipokea imekwisha kupita mikononi mwa wakaguzi mara nyingi kabla ya kuvuka bahari. Pengine imekuja na kutu pia, kwa maana katika sehemu za baridi za Japani chumvi humwagwa barabarani ili kuyeyusha theluji.

Tuanze na hesabu, kwa sababu kipimo chochote, kiwe cha malaria au cha breki, huweza kukosea kwa njia mbili: kukipitisha kibovu na kukikataa kizima. Tuchukulie, kwa mfano wa darasani tu, kwamba zipo haisi 100 na kwamba 30 kati yake zina breki mbovu. Mkaguzi wetu ni hodari: hugundua mbovu 8 katika kila 10, na hukosea kwa kukataa nzima 1 katika kila 10. Atazikamata mbovu 24, na 6 zitamponyoka. Nzima 7 zitakataliwa bure, na 63 zitapita. Zitakazobandikwa stika ni 69, na ndani yake zimo 6 mbovu, yaani karibu 9 katika kila 100. Kabla ya ukaguzi zilikuwa 30 katika 100. Ukaguzi umefanya kazi kubwa, lakini abiria anayedhani kwamba stika ni hakikisho kamili amejidanganya.

Kosa jingine halitokani na mkaguzi. Gari hukaguliwa likiwa tupu, kisha hufanya kazi likiwa limejaa. Hebu tuchukue haisi yenye tungamo la kilo 1,700 ikiwa tupu, ambayo breki zake zilizochakaa haziwezi kutoa kani inayozidi newtoni 8,500. Ikiwa tupu, kani hiyo hupunguza mwendo kwa meta 5 kwa sekunde katika kila sekunde. Ikienda kwa kilometa 80 kwa saa, itasimama baada ya meta 49 tangu breki ziliposhika. Sasa tuipakie kilo 1,200: abiria 15 pamoja na matenga yao. Kani ni ile ile, tungamo limekuwa kilo 2,900, na umbali wa kusimama umefika meta 84. Tukiongeza sekunde moja ya dereva kutambua hatari na kukanyaga, ambayo peke yake ni meta 22, jumla yatakuwa meta 71 gari likiwa tupu na meta 106 likiwa limejaa. Urefu wa uwanja wa mpira ni karibu meta hizo 106. Mtoto wa shule anayevuka barabara pale Kibiti hana njia ya kujua ni umbali upi kati ya hizo mbili unaomjia.

Waliobuni magari waliliona jambo hili zamani. Magari mengi ya aina hii yana vali ndogo karibu na ekseli ya nyuma, iliyounganishwa na fito inayopanda na kushuka pamoja na springi. Mzigo ukiongezeka, vali hufunguka zaidi na breki za nyuma hupata kanieneo kubwa. Fito hiyo iko mahali penye matope. Ikishikwa na kutu katika hali ya gari tupu, breki za nyuma hazitapata nguvu yake yote hata gari lijazwe namna gani. Mkaguzi anayepima gari tupu hataona dosari yoyote, kwa kuwa vali imekwama mahali pale pale inapotakiwa kuwa gari likiwa tupu! Dawa yake ni kulala chini ya gari na kuitikisa ile fito kwa mkono, kazi ambayo wachache huipenda.

Kutu ndiyo adui mkubwa wa magari ya delta. Maji yanayochuruzika kutoka katika matenga ya kamba yana chumvi, na hupenya katika maungio ya sakafu. Haisi haina chasisi iliyo mbali na bodi. Bodi yenyewe ndiyo inayobeba uzito, kwa hiyo sakafu iliyooza ni uti wa mgongo uliooza. Mara nyingi gari hilo lilikuwa la mizigo, na viti vya abiria vimechomelewa baadaye juu ya bati lile lile. Rangi mpya huficha yote hayo. Nyundo ndogo huyafichua: bati zima hulia, bati lililoliwa hutoa sauti ya kufa.

Oili ya breki nayo hunyonya unyevu wa hewa. Vitabu huonya kwamba maji hayo huchemka katika miteremko mirefu na kuifanya pedali izame. Kibiti haina milima ya namna hiyo. Hapa maji hayo hudhuru polepole kwa kutia kutu ndani ya silinda za magurudumu, mpaka zivuje au zikwame, na gari livute upande mmoja linapofunga breki. Zaidi ya hayo ziko dosari ambazo kila fundi anazijua: boljointi na tairodi zilizolegea kwa mashimo, tairi vipara, bearingi zilizoingiwa na tope kama ilivyokuwa kwa magari yaliyopita katika maji ya mafuriko ya Aprili 2024, na taa zisizowaka. Taa ndiyo dosari rahisi kuliko zote kuiona na kuitengeneza. Huenda ndiyo sababu madereva wengi huitengeneza asubuhi ya ukaguzi na kuziacha nyingine.

Mwalimu anaweza kuonyesha kazi ya chumvi kwa misumari miwili na makopo mawili, moja la maji ya mvua na moja la maji ya mkokoni, akizamisha kila msumari nusu. Chuma hutoa elektroni, na oksijeni iliyoyeyuka katika maji huzipokea. Chumvi huyafanya maji yapitishe umeme kwa wepesi, na kazi nzima huenda haraka. Baada ya majuma machache wanafunzi watazame kwa makini msumari wa kopo la chumvi. Kutu nyekundu itakuwa imekusanyika karibu na uso wa maji, lakini mashimo yaliyolika yatakuwa chini zaidi, mahali palipokosa oksijeni. Hali ni hiyo hiyo katika bomba la breki: huliwa chini ya kibano na chini ya tope lililoganda, mahali pasipofikiwa na hewa wala macho, na hapo ndipo mkaguzi anapopaswa kukwangua kwanza.