Mkono Mmoja Haulei Mwana: Ada ya Kutembeleana Katika Mwaka wa Kwanza wa Skuli

Kila ufikapo mwezi wa Januari, katika miji yetu ya mwambao kuanzia Vanga hata Kiunga, utawaona watoto wadogo wakiongozwa mkono asubuhi na mapema, sare mpya zikiwapwaya, na mikoba mgongoni iliyo mikubwa kuliko wao. Hao ndio wanaoanza skuli. Mama humfikisha mwanawe langoni, humkabidhi kwa mwalimu ambaye pengine hata jina lake halijui, kisha hurudi zake nyumbani. Tangu siku hiyo wengi wetu hatulivuki tena lango lile ila tuitwapo kwa ajili ya fedha, au kwa kuwa mtoto amefanya kosa.

Je, hii ndiyo ada tuliyoachiwa na wazee wetu? La, sivyo. Na kwa kuwa mwaka wa kwanza ndio msingi wa miaka yote ifuatayo, yafaa tuutazame kwa makini: ni nani humtembelea mtoto huko anakosoma, naye hupelekwa kutembea wapi, na ni mambo gani hufanywa kwa pamoja na wazazi, walimu na watoto.

ADA YA KUTIWA CHUONI

Hapo zamani, na katika nyumba nyingi mpaka leo, mtoto hakupelekwa chuoni kama mzigo upelekwao bandarini. Siku ilichaguliwa. Mtoto alikogeshwa, akavishwa nguo safi na kufukizwa udi. Baba au babu alimwongoza mwenyewe, na nyuma yao likafuata sinia la halua, au mikate ya kumimina, au kashata, kila nyumba kwa uwezo wake. Mwalimu alimkalisha mtoto mbele yake, akamtamkisha Bismillahi, akamwonyesha alifu kwa kijiti. Kisha ikasomwa Fatiha, na kilichokuwamo siniani wakagawiwa wanafunzi wote.

Kila mji ulikuwa na namna yake, lakini maana ilikuwa moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliyeandika desturi za Waswahili katika kitabu kilichochapwa mwaka 1903, hakuiacha habari ya chuoni. Aliiandika pamoja na habari za kuzaliwa na za kuoa. Kwa watu wa zamani, kumtia mtoto chuoni lilikuwa jambo la ukoo na mtaa mzima.

Tukiitazama ada hiyo tutaona kwamba ilikuwa na hekima tatu. Kwanza, mzazi na mwalimu walijuana kwa sura na kwa maneno, mbele ya mtoto. Pili, watoto wenyeji walimpokea mgeni wao wakiwa na kitu kitamu mdomoni, kwa hiyo haikuwa rahisi kumcheka. Tatu, mtoto mwenyewe alifahamu kwamba baba na mwalimu ni kauli moja, wala hakuna mlango wa kupenya baina yao.

Hata hivyo, tusisifu kila kitu. Wapo wazazi waliokuwa wakimwambia mwalimu kuwa nyama ni yake, wao wanataka warudishiwe mifupa na macho tu. Hilo tuliache huko huko liliko. Viboko vilipigwa marufuku katika skuli za Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikakataza kabisa kumtesa mwanafunzi kwa mwili au kwa akili. Tunayotaka kuirudisha ni ada ya sinia, si ya bakora.

MTOTO MMOJA, WALIMU WAWILI

Mtoto wa Kiislamu hapa pwani ana jambo asilokuwa nalo mwenzake wa mahali pengine. Yeye husoma mara mbili. Asubuhi yuko skuli, na alasiri, au Jumamosi na Jumapili, yuko chuoni. Mwalimu wa asubuhi humfundisha kuandika kutoka kushoto kwenda kulia. Wa jioni humfundisha kutoka kulia kwenda kushoto. Huyu amwambia a, e, i, o, u. Yule amwambia alifu, bee, tee. Mara nyingi walimu hao wawili wakaa mtaa mmoja, wanunua samaki soko moja, lakini hawajapata kukaa pamoja wakazungumza habari za mtoto wao.

Matokeo yake ni nini? Mtoto wa miaka sita akigeuza herufi katika daftari lake, jambo ambalo watoto wengi wa umri huo hulifanya popote duniani, mwalimu wa skuli husema chuo kinamchanganya. Naye mwalimu wa chuoni, mtoto akija amechoka na kusinzia juu ya juzuu, husema skuli inamharibu. Kila mmoja amtupia mwenziwe lawama, na mtoto yumo katikati.

Dawa yake si ghali. Mwalimu wa skuli na azuru chuoni jioni moja tu, akae mkekani asikilize. Huenda akamkuta yule mtoto asiyefungua mdomo darasani akisoma Suratul Fiil na Suratu Quraysh kwa moyo, bila ya kukwama. Hapo atajua kuwa mtoto ana kumbukumbu na ana sauti. Pengine linalomziba kinywa asubuhi ni Kiingereza, lugha asiyoisikia kwao. Vile vile mwalimu wa chuoni na aalikwe skuli, aone picha zilizobandikwa ukutani na nyimbo za kuhesabu zinavyoimbwa. Atapata ya kuchukua.

Wala hili si jambo la ndoto. Katika miaka ya 1980 viongozi wa Kiislamu wa pwani waliomba msaada wa kuwaandaa watoto wao kwa ajili ya skuli pasi na kuwapotezea dini na desturi zao. Kwa msaada wa Aga Khan Foundation ulianzishwa Mombasa mpango wa madrasa za chekechea, na Bi Swafiya Said, mwalimu mzoefu, akawa katika mstari wa mbele. Chekechea ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1986, na baadaye mpango ukafika Zanzibar na Uganda. Walichofanya ni kuyatia mambo mawili katika chombo kimoja: mtoto akajifunza kuhesabu na kutambua herufi, na papo hapo akajifunza dua na adabu. Vifaa vya kuchezea vilitengenezwa kwa vitu vya kawaida vya mtaani, na jamii yenyewe ndiyo iliyobeba dhamana ya skuli yake. Mama aliyekwisha kumshonea mtoto mwanasesere wa vitambaa kwa ajili ya darasa hawezi kuliogopa darasa hilo.

MGENI NJOO, MWENYEJI APONE

Mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, wataka mzazi ashiriki katika masomo ya mwanawe. Bahati mbaya wazazi wengi wameufahamu ushiriki huo kuwa ni kununua makaratasi ya rangi, kulipia picha zichapwe, na kumfanyia mtoto kazi ya nyumbani usiku huku yeye amelala. Huko si kushiriki, bali ni kumwibia mtoto kazi yake.

Kushiriki hasa ni kuja. Baba aliye mvuvi na aje darasani na dema, aeleze samaki huingiaje na kwa nini asitoke. Fundi wa mashua aje na keekee na pamba ya kukalafati. Bibi ajuaye kusuka aje na ukili wa rangi mbili, awaachie watoto wajaribu, wakosee, wafumue. Katika dakika thelathini watoto watakuwa wamehesabu, wametaja rangi, na wamejifunza majina ya vitu ambayo yanaanza kusahaulika hata kwa watu wazima.

Lipo na jambo kubwa zaidi. Mtoto ambaye baba yake ni mchukuzi wa hamali au mama yake auza mahamri huanza mapema kuona haya, akilinganisha na wenzake. Siku aonapo mwalimu anamkaribisha mama yake na kumwambia darasa limsikilize, haya hiyo huondoka. Mgeni amekuja, na mwenyeji amepona kweli.

MATEMBEZI YA KARIBU

Sasa tuje kwenye matembezi. Watoto wa darasa la kwanza wapenda safari kuliko kitu chochote, na mwambao wetu hauna upungufu wa mahali pa kwenda. Mombasa ipo Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ikatwaliwa na Waomani mwaka 1698, ikawa jela wakati wa Waingereza, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1962. Karibu na Watamu upo mji mkongwe wa Gede, wenye magofu ya msikiti mkuu, jumba na visima, na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 mji huo uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kule Gazi, Kwale, kina mama wametengeneza njia ya mbao ipitayo katikati ya mikoko. Na mtoto wa Lamu akipelekwa Matondoni ataona mafundi wa vyombo.

Lakini mtoto wa miaka sita asilishwe tarehe. Apewe kitu kimoja cha kushika moyoni. Ngomeni, na ahesabu mizinga. Gede, na achungulie kisimani na kuulizwa: watu hawa walikunywa maji hapa, kisha wakaenda wapi? Pale Haller Park, Bamburi, ambapo machimbo ya mawe ya kiwanda cha saruji yalianza kugeuzwa msitu mwaka 1971, na asimuliwe habari ya Owen, mtoto wa kiboko aliyepotezana na kundi lake wakati wa mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Aliokolewa Malindi, akapelekwa pale, naye akamwandama kobe mkongwe aitwaye Mzee, wakawa wanakula na kulala pamoja. Mtoto aliye mgeni darasani hahitaji kufafanuliwa maana ya kisa hicho.

HAKI YA ASIYE NACHO

Hapa ndipo penye neno lenyewe. Safari yataka nauli, na nauli yataka fedha. Katika skuli nyingi watoto waliolipa hupanda basi, na wasiolipa huachwa darasani, au huambiwa wabaki nyumbani siku hiyo. Mtoto wa darasa la kwanza hajui bei ya mafuta. Ajualo ni kwamba wenzake wamekwenda na yeye hakutakiwa. Keshoye mwalimu awaambia wachore walichokiona, naye hana cha kuchora. Jeraha hilo halionekani, lakini huenda likaanza kumtoa mtoto skuli angali anahudhuria.

Shauri letu ni hili: safari isiyoweza kuwachukua wote na iahirishwe, ifanywe nyingine inayoweza. Kutembea kwa miguu mpaka forodhani, sokoni, posta, au kwa fundi wa mlango wa nakshi ni safari kamili kwa mtoto mdogo. Na ikiwa basi ni la lazima, tunayo ada yetu ya kikowa. Kila mtu alete alichonacho: huyu nauli, yule ndizi, mwingine ndoo ya maji, na mwingine mikono miwili ya kuwashika watoto wasiende majini. Chakula kiwekwe pamoja, watoto wale sinia moja, wala kisiulizwe nani kaleta nini.

Wazazi nao wana haki ya kuuliza mapema: watoto watahesabiwa na nani, watarudi saa ngapi, wataswali wapi, na watakula nini. Mwalimu mwema hatakasirika kwa maswali hayo.

SIKUKUU NA MAJIRANI

Darasa la leo si la watoto wa mtaa mmoja. Wamo Waswahili, Wamijikenda, Wataita na waliotoka bara, Waislamu na Wakristo. Siku ya Idi watoto wetu wana ada ya kupita nyumba kwa nyumba kuomba mkono wa Idi. Itadhuru nini mwanafunzi mwenziwe asiye Mwislamu akialikwa nyumbani ale pilau siku hiyo, na mwalimu wake pia? Mfungo Sita uingiapo, watoto wa madrasa hutoka kwa zefe na kasida. Mwalimu wa skuli akisimama kando ya njia akamwona mwanafunzi wake yumo, mtoto huyo ataikumbuka siku hiyo.

LA KUFANYA

Kwa muhtasari, twaomba mambo matatu, moja kwa kila muhula. Muhula wa kwanza, mzazi ampeleke mtoto mpaka ndani ya darasa, ajuane na mwalimu, na wazazi wachange kitu kidogo cha kuwagawia watoto wote. Muhula wa pili, walimu wa skuli na wa chuo watembeleane, na mzazi mmoja kila juma aje darasani na kazi yake. Muhula wa tatu, ifanywe safari moja ya wote, kisha wazazi waalikwe wawasikilize watoto wakisoma, kila mmoja angaa mstari mmoja, hata kama ni wa maneno matatu.

Hayo hayahitaji amri kutoka Nairobi wala fungu la serikali ya kaunti. Yahitaji baba aliyekwenda baharini usiku alale saa moja pungufu, na mwalimu akubali kukaa mkekani. Mkono mmoja haulei mwana, na mwaka wa kwanza ukipita haurudi.