Mtoto Asiyeitika Anapoitwa

Kila mwaka tarehe 2 Aprili ulimwengu huadhimisha siku ya watu wenye usonji, kwa mujibu wa azimio lililopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwezi Desemba 2007. Hotuba za siku hiyo husomwa zaidi mijini, penye mabingwa na shule maalumu. Lakini usonji, ambao wengine huuita otizimu, hauchagui mji wala kambi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja katika kila watu 127 duniani alikuwa na hali hiyo. Makazi ya Nakivale, wilayani Isingiro, yana wakimbizi zaidi ya 100,000. Ni dhahiri basi kwamba wamo humo wazazi wengi wanaoishi na jambo hili bila kulijua jina.

Nakivale ilianzishwa mwaka 1958 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na leo wamo pia Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Base Camp ndiyo makao yake makuu, penye ofisi za utawala, kituo cha afya na polisi. Tumfikirie mama aliyefika hapo kutoka Kivu pamoja na mwanawe wa miaka minne. Mtoto hatamki neno. Akiitwa hageuki, lakini pikipiki ikinguruma mbali huziba masikio. Hushinda peke yake akizungusha kifuniko cha chupa. Akitaka maji hanyooshi kidole, bali humshika mama mkono na kuupeleka kwenye mtungi. Majirani wengine wanasema ni pepo, wengine kwamba amerogwa, na wapo wasemao bila haya kwamba kosa ni la mama.

Yafaa ikumbukwe kwamba hofu ya vita yaweza kumnyamazisha mtoto. Uziwi nao waweza, na hata malaria iliyopanda kichwani. Usonji hauna kipimo cha damu. Tabibu humtazama mtoto akicheza, humwuliza mzazi habari zake tangu kuzaliwa, na kuhakikisha kwamba masikio yanasikia. Kwa mkazi wa Base Camp njia huanzia kituo cha afya, kisha Hospitali ya Rufaa ya Mbarara, ambamo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara hufundishia matabibu wake na ambayo ina idara ya magonjwa ya akili. Safari hiyo ina nauli na foleni, na pengine haja ya mkalimani. Mama aweza kurudi na jibu la "huenda", akaambiwa aje tena.

Neno hilo "huenda" ndilo linalovunja mioyo ya wazazi wengi, kuliko hata habari mbaya yenyewe. Lakini mafunzo yanayomfaa mtoto mwenye usonji humfaa pia aliyechelewa kusema kwa sababu nyingine, wala hayangoji cheti. Mzazi akae chini, uso wake ulingane na wa mtoto. Mtoto akizungusha kifuniko, naye azungushe chake, mpaka mtoto atambue kwamba yupo mwenziwe. Ataje kitu kimoja kwa neno moja, katika lugha ya nyumbani. Kabla ya kumpa kikombe angoje kidogo, ili mtoto apate sababu ya kutazama au kunyoosha mkono. Kuoga, kula na kulala kufuate mpango uleule kila siku. Shirika la Afya Duniani limetayarisha mafunzo ya wazazi ya namna hii, ambayo hata wasio mabingwa waweza kufunzwa kuyaendesha. Wapo watoto ambao hatimaye husema, na wapo wasiosema kamwe bali huwasiliana kwa ishara au picha. Mzazi asidanganywe kwamba kuna dawa ya kuuondoa usonji. Mtoto aliyekuwa akilia saa nzima, akaweza sasa kuonyesha kwamba ana kiu, amepiga hatua, na mama anayejua kuiona hatua hiyo hulala akiwa na nguvu za kesho.

Ama lawama dhidi ya mama, si ya vijijini tu. Baada ya Leo Kanner kueleza habari za watoto 11 huko Marekani mwaka 1943, wataalamu wengi walidai kwamba usonji huletwa na mama asiye na upendo. Aliyesaidia sana kuibomoa fikra hiyo ni Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika Jeshi la Majini la Marekani. Mwanawe, Mark, aliyezaliwa mwaka 1956, alikuwa na usonji. Rimland alisoma kila alichokipata, na mwaka 1964 akatoa kitabu kuonyesha kwamba chanzo kimo katika maumbile ya ubongo. Mwaka uliofuata alishiriki kuunda chama cha wazazi, na Mark alikua akawa mchoraji wa picha. Baba huyo hakuwa sahihi katika kila jambo. Baadaye alishabikia mengine ambayo sayansi haikuyathibitisha. Kuhusu chanjo, makala ya mwaka 1998 iliyoihusisha na usonji ilifutwa na jarida lililoichapisha mwaka 2010. Kumnyima mtoto wa kambini chanjo ya surua ni kumwongezea hatari ya pili.

Wasikilizaji walio katika vikosi vya ulinzi na usalama wanahusika kwa njia mbili. Wengine ni wazazi. Askari wa kambi ya Makenke, au aliye doria mbali na kwao, husikia kwa simu tu kwamba mtoto hasemi, na ni rahisi kwake kudhani kwamba mke anamdekeza. Huyo akipata likizo na akae chini na mtoto, azungushe kifuniko.

Wengine watakutana na mtoto huyo kazini. Hatasimama akiambiwa "Simama!", na sauti ikipandishwa atakimbia zaidi. Kutomtazama mtu machoni si dalili ya uongo wala ulevi. Asishikwe kwa ghafla. Maneno yawe machache, na mama aitwe. Watoto wa namna hii hupotea upesi, na wengi huvutwa na maji. Ziwa la Nakivale lipo karibu. Mama akifika kituoni kusema kwamba mwanawe haonekani, asiambiwe angoje hadi kesho, bali ufukweni patazamwe kwanza. Na ingefaa polisi wa zamu pale Base Camp awe amekwisha kumjua mtoto kwa sura na kwa jina, ajue nyumba yao, na ajue kwamba hupenda kifuniko cha chupa.