Seva ya Kliniki Inapogoma Kuwaka

Katika vituo vingi vya afya vya Kisumu, Siaya na Homa Bay, rekodi za watu wanaotumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi hutunzwa katika KenyaEMR, mfumo uliojengwa juu ya OpenMRS, programu huria iliyoanza kutumika Eldoret mwaka 2006, na ambao kwa kawaida huendeshwa kwenye seva ya Ubuntu, mojawapo ya matoleo ya Linux. Seva hiyo mara nyingi ni kompyuta moja tu, na siku inapogoma kuwaka, matokeo ya vipimo na tarehe za miadi hufungika humo huku foleni ya wagonjwa ikirefuka nje.

Chanzo cha kwanza cha kushukiwa ni umeme. Ukanda wa Ziwa Victoria una ngurumo na radi nyingi, na hata pasipo mvua gridi huweza kuanguka, kama ilivyotokea tarehe 25 Agosti 2023, sehemu kubwa ya Kenya ilipobaki gizani kwa saa nyingi. Umeme ukikatika ghafla, data iliyokuwa ikisubiri kuandikwa diskini hupotea, na mfumo wa faili, yaani utaratibu unaoonyesha kila faili imehifadhiwa sehemu gani ya diski, huweza kubaki nusunusu. Mfumo wa ext4 unaotumiwa na Ubuntu hujikinga kwa kuandika kwanza katika daftari lake mabadiliko unayokusudia kuyafanya, hivyo kompyuta ikiwashwa tena hulisoma daftari hilo na kukamilisha kazi iliyokatizwa. Ndiyo sababu seva nyingi huamka salama baada ya giza.

Zisizoamka wakati mwingine huwa na sababu ambayo wengi hawaidhanii. Mifumo ya ukoo wa Unix, Linux ikiwemo, haizipi diski herufi kama Windows inavyofanya, bali huipachika kila diski kwenye folda fulani ya mti mmoja, na orodha ya diski za kupachikwa huandikwa katika faili iitwayo /etc/fstab. Fundi akiongeza diski ya nje ya kuhifadhia nakala, akaiandika humo, kisha mtu akaichomoa, kompyuta ikiwashwa itaingoja diski hiyo kwa sekunde 90, halafu itaingia katika hali ya dharura, ambapo huonekana maandishi meupe tu kwenye kioo cheusi. Mtazamaji huamini kwamba diski kuu imekufa, ilhali kosa ni mstari mmoja. Amri ya lsblk huonyesha diski zilizopo, blkid hutaja namba ya utambulisho ya kila moja, na journalctl -xb hueleza ni kitu gani kilichoshindikana. Mstari wenye kosa ukitanguliwa na alama ya #, seva huwaka. Dawa ya kudumu ni kuitaja diski kwa namba yake ya utambulisho badala ya jina kama /dev/sdb1, linaloweza kubadilika diski zikihamishwa, na kuongeza neno nofail ili kukosekana kwake kusizuie kuwaka.

Pale mfumo wa faili wenyewe ulipoharibika, amri ya fsck hukagua na kurekebisha, lakini haipasi kuendeshwa juu ya diski iliyopachikwa kwa ruhusa ya kuandika, kwa maana inaweza kuongeza uharibifu. Ni salama zaidi kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Ubuntu, kisha kuanza na fsck -n, ambayo hukagua bila kubadili kitu.

Diski inayotoa sauti ya kugonga, au ambayo amri ya smartctl inaonyesha kwamba sehemu zake zinaharibika, haistahili kukaguliwa tena na tena. Inapaswa kunakiliwa kwanza yote kwa ddrescue, programu inayochukua kwanza sehemu zinazosomeka na kuzirudia mbovu baadaye, na majaribio yote ya urekebishaji yafanywe kwenye nakala hiyo. Kufomati kwa haraka huonekana njia fupi, lakini huko ni kuifuta historia ya tiba ya watu ambao hawakushirikishwa uamuzi huo. Wasimamizi wa vituo na wanunue betri ya akiba kwa kila seva, na wasimruhusu fundi yeyote kufomati diski kabla hajawaonyesha nakala inayofunguka.