Imani Iliyotangulia Nikea

Mtu ayatazamapo madhehebu ya Kikristo kwa wingi wake, tangu Wakatoliki na Waorthodoksi hata Waanglikana na Walutheri, huenda akadhani kwamba kila kundi lina dini yake. Lakini Kanuni ya Imani ya Nikea inapokiriwa ibadani, wote hao humshuhudia Mungu mmoja Muumba, na Mwanawe aliyetwaa ubinadamu, akasulubiwa na kufufuka, na Roho Mtakatifu. Liko neno moja, juu ya atokako Roho, ambalo Mashariki na Magharibi hawajapatana. Si dogo, ila halivunji shina.

Iko hoja isemwayo mara kwa mara, kwamba uungu wa Yesu ulibuniwa mwaka 325, Kaisari Konstantino alipowakusanya maaskofu huko Nikea, mji uitwao leo İznik, nchini Uturuki. Hoja hii yastahili kujibiwa kwa adabu, na jibu lake limo katika jimbo lile lile ulimokuwa mji huo. Yapata mwaka 112, zaidi ya miaka mia mbili kabla ya mkutano huo, Plinio, liwali wa Kirumi wa Bithinia, alimwandikia Kaisari Trayano kutaka shauri juu ya Wakristo walioshtakiwa mbele yake. Waliokwisha kuikana imani hiyo walimweleza kwamba desturi yao ilikuwa kukutana siku maalumu kabla ya mapambazuko, wakamwimbia Kristo kama aimbiwavyo mungu, na kula kiapo kwamba hawataiba, hawatazini, wala hawatakana amana waliyowekewa. Liwali hakuridhika, aliamuru wajakazi wawili, wahudumu katika jamaa hiyo, wateswe ili apate hakika, na hakupata ila itikadi aliyoidharau. Nani atasema kwamba shahidi huyu, aliyewaua walioshikilia ukiri wao, alikuwa akiwapendelea?

Hata Ario, kasisi wa Aleksandria ambaye mafundisho yake ndiyo yaliyoleta mzozo uliojadiliwa Nikea, hakufundisha kwamba Yesu ni mwanadamu tu. Alimkiri kuwa alikuwapo kabla ya ulimwengu, ila akamhesabu miongoni mwa viumbe. Atanasio, aliyehudhuria Nikea akiwa shemasi, alishikilia kwamba kiumbe, atukuke namna gani, hawezi kumuunganisha mwanadamu na Mungu; na hapo, kwa maoni yangu, ndipo ulipo moyo wa jambo lote.

Ama Konstantino, anayedhaniwa kuwa mwasisi wa itikadi hii, baadaye alimrejesha Ario kutoka uhamishoni, akampeleka Atanasio mbali hadi Trier, na mwaka 337, alipokuwa mahututi, alibatizwa na Eusebio wa Nikomedia, mtetezi wa Ario.