Menifoldi ya Turbo: Wapi Ubane, Wapi Utoe Pesa

Prado yenye injini ya 1KZ-TE, dizeli ya lita 3 yenye turbo, ikianza kulia tik-tik asubuhi ikiwa baridi na masizi yakaonekana ubavuni mwa silinda hedi, shuku menifoldi ya ekzosi. Usiiache hivyo. Turbo huzungushwa na moshi unaopita kwenye menifoldi hiyo. Ukivujia njiani, gari hukosa nguvu, hutoa moshi mweusi na hula dizeli. Tena moshi unaovuja una sumu, na unaweza kupenya hadi walipokaa abiria.

Ukipeleka gari gereji, kumbuka kwamba sehemu kubwa ya kazi ni kufungua na kufunga. Ufundi huo utaulipia, ufunge spea nzuri au mbovu, na ikivuja tena utaulipia upya.

Menifoldi. Fundi aweke rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake. Mwanga ukipita chini, imepinda. Iliyopinda kidogo bila ufa huskimiwa, yaani husawazishwa uso kwa mashine, na hiyo ndiyo nafuu kuliko zote. Iliyopasuka ina njia tatu. Kuchomelea ni bei ndogo, lakini menifoldi ni ya chuma cha kusubu, ambacho kina kaboni zaidi ya asilimia 2 na hupasuka upya kikipoa haraka. Kinataka kupashwa moto kwanza, fimbo za nikeli na kupozwa polepole. Mchomelea mageti wa kawaida hana hayo. Ya mtumba kutoka Japani, inayopatikana Gerezani Dar es Salaam au Kirinyaga Road Nairobi, ni bei ya kati: kagua nyufa kati ya matundu na pale turbo inapokaa, na mkubaliane kuirudisha ikiwa mbovu. Mpya orijino ni ghali zaidi, na inamfaa anayekusudia kukaa na gari miaka mingi. Zile mpya za mabomba membamba yaliyochomelewa, zisizo na jina la kiwanda, ziache, kwa sababu uzito wa turbo unazielemea.

Gasketi. Nunua mpya, ya chuma, pamoja na ile ya kati ya menifoldi na turbo. Ya zamani imeshabanwa na haijazi nafasi tena.

Stadi na nati. Joto na kutu huzichosha. Seti mpya ni bei ndogo ukilinganisha na kutoboa stadi iliyokatikia ndani ya hedi. Kabla ya kufungua, zilowekwe mafuta ya kulegeza kutu usiku kucha.

Ufundi. Usilinganishe gereji kwa bei peke yake. Uliza kama fundi ana spana ya toki, kama hukaza kwa awamu kuanzia katikati kwenda pembeni, kama huziba mdomo wa turbo kwa kitambaa safi, na kama huitia oili kabla ya kuwasha. Mapanga ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Nati moja iliyodondokea humo huyavunja.

Kwa wenye magari wengi, chaguo bora ni menifoldi orijino ya mtumba iliyonyooka, gasketi mpya na stadi mpya. Pesa ikipungua, punguza kwenye menifoldi, kamwe si kwenye gasketi na stadi. Na kabla boneti haijafunguliwa, dai bei ya spea na ya ufundi ziandikwe mbalimbali.